Mnyama wa Kwenye Beji

Apa kwanza. Sema, "nikitoboa nikatike ulimi." Umeapa? Haya, sogea. Kwenye lile benchi la nje kwa fundi cherehani, asubuhi ya gwaride, wamekaa wazee watatu wa kikosi cha akiba, wanajeshi wastaafu: Koplo, Tarumbeta na Mzee Buti. Kahawa mkononi, bereti magotini. Afande mkuu kasema, asiye na alama ya kikosi kwenye beji hapigi kwata, anakaa kwenye viti na wageni. Na wazee hawa, shoga yangu, wamezisugua zile beji kwa majivu na ndimu kila asubuhi mpaka mnyama kafutika! Imebaki shaba tupu, inang'aa kama kipara cha mume wangu. Wamemwita mchonga vyuma aje amrudishe.

— Alikuwa simba, kasema Koplo. Namkumbuka manyoya.

— Simba wapi! kasema Tarumbeta. Nyati. Pembe zilikuwa zinanikwaruza kidole nikisugua.

— Kobe, kasema Mzee Buti. Ndiyo maana tulikuwa tunafika vita vimeisha. Mwenda pole hajikwai!

— Kobe ana manyoya, we mzee?

— Wa raia hana. Wa jeshini anayo!

— Basi simba alimla nyati, kasema Tarumbeta, kobe akaja matangani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Koplo kacheka nusu. Mkewe keshapiga pasi suruali, wajukuu keshawaambia wamtafute mstari wa mbele. Leo wamkute kwenye kiti cha wageni?

Mchonga vyuma huyo, patasi mkononi, ubishi kausikia toka njiani.

— Shikamooni, wazee wangu. Nichonge mnyama gani?

Koplo kaangalia kikombe. Tarumbeta kakohoa. Mzee Buti kajifanya anafunga kamba za buti, na kavaa ndala!

— Mimi ubishi siwezi kuuchonga, kasema mchonga vyuma, akaondoka.

Jioni wakajipanga hivyo hivyo, Koplo mbele na beji yake tupu. Afande akaja, akainama aikague beji, akakutana na sura yake mwenyewe. Akatazama. Akaweka kola sawa. Akafuta kamasi. Akapiga saluti, akapita!

Koplo alipiga kwata siku hiyo, lami ikaomba msamaha.

Nani kaniambia? Mke wa Koplo. Naye aliapa kama wewe.