Kipande cha Pembeni Hakiuzwi

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, wauguzi wa kliniki ya kisukari, mama mkwe wangu mpendwa, wanakikundi wenzangu, nanyi wageni wote mliokuja kutufungulia duka letu la keki: nawasalimu kwa moyo uliojaa.

Nimeombwa nieleze duka hili lilianzaje. Lilianza na keki mbaya, na keki hiyo ilikuwa ya harusi yangu mwenyewe.

Wengi mnamjua mume wangu, fundi wa minara ya simu, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Mnajua pia kwamba ana kisukari. Tulipokuwa wachumba nilimwona kwenye sherehe za watu, sahani ya keki ikimfikia, naye akitabasamu na kuisogeza kwa jirani. Nikajiuliza: hata siku yetu aisogeze? Bwana harusi gani huyo, asiyelishwa keki yake?

Nikanunua unga wa stevia, ule utamu unaotolewa kwenye majani ya mmea, nikaupima kikombe kwa kikombe kama sukari. Wanaojua wameshaanza kucheka. Kumbe wenyewe ni wa kudonoa kwa ncha ya kijiko! Keki ikatoka chungu, tena imebonyea katikati kama godoro la wageni.

Mama mkwe alionja, akanigeukia taratibu: "Mwanangu, keki hii imemkasirikia nani?"

Mume wangu akajibu mdomo umejaa, "Mama, niachie mimi. Hasira zake ndizo nitakazoishi nazo."

Akamaliza kipande chote. Jamani, nani asingempenda mtu huyo?

Ndipo nikaja hapa kliniki kujifunza. Muuguzi wetu, yule aliyekaa mbele akijifanya hasikii, alinifundisha kupunguza kipimo, na kuongeza mtindi na mayai ili keki isimame. Akanionya pia: "Sukari imetoka, lakini ngano bado ni ngano. Kipande kimoja, si sinia." Maneno hayo tumeyabandika ukutani, yasomeni kabla hamjanyoosha mkono.

Lakini nilipoanza kupatia, mwenye keki alikuwa ameshaondoka. Kampuni ilimpeleka mbali kusimika minara. Huko juu anawaunganisha wapendanao wengine, nami huku nasikia upepo tu kwenye simu. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, kisha narudisha kimoja kabatini. Kila keki iliyoumuka vizuri imeliwa na watu wengine, wagonjwa wa kliniki hii na wanakikundi wenzangu, hadi kikundi kikaamua tufungue duka, nami nimebaki mbele ya oveni nikimtamani. Jioni hupiga na kuuliza, "Leo imesimama?" Namwambia imesimama, lakini mimi siionji, kwa maana itakuwaje tamu kwangu kabla hajaionja yeye?

Jana alisema umebaki mnara mmoja. Hakusema siku, nami sikumbana.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ukishakata utepe, utaona kwenye kabati la kioo kipande kimoja cha pembeni, kimefunikwa kwa kisahani. Hicho hakiuzwi. Jioni ikifika bila yeye, atakula mama yake, na kesho nitaweka kingine.

Nawashukuru wote mliotushika mkono, na asanteni sana kwa kunisikiliza. Karibuni mle. Kile cha pembeni tu, naomba mniachie.