Kalale Nayo Kwanza: Maisha ya Bundala Kija na Duka Lake la Redio Mikumi

Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji, majirani, na wateja mliotoka Kidodi, Ruhembe na Kilosa, poleni na safari. Naitwa Limi Kija, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Nitasoma haraka haraka, mnisamehe. Marehemu mwenyewe hakuwahi kukaa kitini hotuba ikaisha, na mimi tangu Jumanne kila nikikaa nainuka.

Ndugu yetu Bundala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kija na marehemu mama yetu Ng'wasi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1986, na mwaka huohuo baba alituhamisha na ng'ombe wetu mpaka huku Kilosa, tukaweka makazi Ruhembe.

Baba alitaka Bundala achunge. Alichunga, ila roho yake ilikuwa kwenye redio ya baba, ambayo ilikuwa moja tu pale nyumbani. Siku moja baba alirudi akaikuta imefumuliwa juu ya mkeka. Alitoka kutafuta fimbo. Aliporudi nayo, redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na Bundala ameshika skrubu moja mkononi.

"Na hiyo ni ya nini?" baba aliuliza.

"Ya urembo tu, baba."

Baba alicheka mpaka fimbo ikamtoka. Mwaka 1990 aliuza ng'ombe wawili, akampeleka Morogoro kusomea ufundi wa redio na televisheni. Marehemu alihitimu mwaka 1992. Alifanya kazi kwa watu miaka kadhaa, na mwezi Machi 1998 alifungua duka lake karibu na stendi ya Mikumi.

Wengi wenu mnaujua utaratibu wa duka lile, lakini nausema kwa ajili ya wageni. Huku kwetu redio inaweza kuimba vizuri Mikumi mjini, ukifika nayo Ruhembe chini ya milima ikawa inakoroma tu. Kwa hiyo marehemu hakumuuzia mtu redio siku ya kwanza. Alimwambia, "Kalale nayo kwanza." Mteja aliacha dukani ile mbovu aliyokuwa nayo nyumbani, akabeba mpya akaijaribu, na kesho yake alirudi kununua au kuirudisha. Zile mbovu zilipangwa kwenye shelfu la juu. Ukitazama shelfu, unajua vitu vingapi viko nje. Wapo waliohama na redio zake hadi Ifakara wakamwachia makopo. Nilimwambia akiwa hai kwamba huo ni ujinga, akanijibu kwamba waliorudi ni wengi zaidi.

Mmoja wa waliorudi ni wifi yangu Yusta. Alikuja kutoka Kidodi mwaka 1999 kumchukulia baba yake redio, akairudisha kesho yake kwamba ina kelele. Akapewa nyingine, nayo ikarudi. Ya tatu nayo ikarudi. Marehemu alizifungua zote asione kasoro hata moja. Aliomba afuatane naye hadi nyumbani akaisikie hiyo kelele mwenyewe, na ndipo baba mkwe alipomuuliza ametumwa na nani kuleta posa. Walifunga ndoa kanisani Kidodi tarehe 7 Oktoba 2000, wakajaliwa watoto watatu. Wifi, mpaka leo hujatuambia kama ile kelele ilikuwepo.

Mwaka 2019 duka kubwa lenye matawi mikoa kadhaa lilifungua tawi Mikumi, barabarani kabisa. Kuna kiyoyozi, na kila kitu kimebandikwa bei, hakuna kuomba punguzo. Marehemu alivaa kofia, akaishusha mpaka machoni, akaenda kusoma bei zao.

"Karibu baba, nikusaidie?" dada wa pale alimuuliza.

"Natazama tu, mwanangu."

Alirudi na bei zote kichwani, na siku iliyofuata naye akabandika zake, sawasawa na zao. Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Mudathir wa Kidodi, mteja wake tangu siku ya kufungua. Alizitazama zile karatasi kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee wangu," Bundala alimsalimu.

"Marahaba. Bundala, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mzee."

"Mbona umebandika karatasi ili nisiongee na wewe?"

Mzee aliondoka bila tochi aliyoifuata, na wengine wakafanya vilevile. Bei ilikuwa imeshuka na wateja wamepungua! Haikupita wiki marehemu alizibandua karatasi zote, akaenda mwenyewe Kidodi kuomba radhi, na ile tochi mkononi. Mzee Mudathir yupo hapa leo. Wakapatana bei, nasikia walikaa saa nzima.

Duka kubwa alilimudu kwa namna hiyo. Mtandao ndio uliomnyima usingizi. Simu na spika ziliuzwa huko kwa bei ya chini kuliko ile aliyonunulia yeye kwa jumla Kariakoo. Angepunguza nini tena? Alifungua kundi la WhatsApp, akaweka picha. Watu waliuliza "bei ya mwisho?" kisha wakaagiza kwingine. Treni ya SGR ilipoanza kusimama Kilosa, Septemba 2024 alipanga kibanda kule, akiamini abiria watanunua chaja. Abiria walishuka na kupanda bodaboda moja kwa moja. Mei 2025 alikifunga. Hata mpwa wake Brightness alimletea spika iliyofika kwa basi ikiwa bubu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo umeinunua wapi?"

"Mtandaoni, mjomba."

"Basi mtandao uitengeneze."

Alinuna mpaka chai ikapoa, kisha akaomba bisibisi. Nilikuwepo, na iliniuma kumwona anaganga bidhaa iliyokuwa inamnyang'anya riziki.

Novemba mwaka jana alianza kusumbuliwa na presha, na baadaye moyo. Alilazwa Morogoro mara mbili. Hata kitandani hakutulia. Alimuuliza nesi simu yake aliuziwa bei gani, alipotajiwa akamwambia, "Umepigwa, mwanangu, njoo Mikumi." Mauti yalimkuta huko Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka 54.

Marehemu ameacha mjane, Yusta, watoto watatu, Winnie, Frank na Naomi, kaka mmoja, Simoni, mimi mdogo wake, na wapwa.

Ameacha na duka. Leo jioni familia itakaa kuamua lifungwe au liendelee. Kaka yetu Simoni anataka lifungwe, na kwa heshima zote, hoja yake ina uzito: bei za mtandaoni hatuziwezi, na Yusta atachoka. Yusta anasema hafungi. Kaka hakutaka aya hii ichapwe, lakini mimi ndiye niliyekwenda kwa mchapaji.

Jana kaka alitafuta spika kwa ajili ya mazishi haya, maana ya kwake ilikufa tangu Krismasi. Duka kubwa lilimwambia wao hawatoi kitu cha kujaribu. Mtandaoni aliambiwa asubiri siku nne. Mwisho alikwenda dukani kwa shemeji yake. Alitaka kulipa papo hapo, lakini Yusta alikataa pesa. Alimwambia haijulikani kama itasikika huku chini ya milima, "Kalale nayo kwanza, shemeji."

Hiyo ndiyo inayowafikishia sauti yangu, hadi ninyi mliosimama kule kwenye miwa. Ile mbovu ya kaka Simoni iko kwenye shelfu la juu, nimeiona kwa macho yangu. Leo ni mazishi, kwa hiyo kesho ndipo anapaswa kurudi, na hawezi kurudisha wala kununua kwenye mlango uliofungwa.

Pumzika kwa amani, kaka Bundala, kama kupumzika utakuweza. Kesho saa mbili tunafungua.