Shingo ya Zipora na Punda wa Mlali

Zipora binti Matonya anaacha kazi leo, tarehe 31 Mei 1912, baada ya miaka kumi na sita ya kuteka maji ya hospitali yetu ya misheni. Nimeombwa niandike mimi, Emilia wa kufua nguo, kwa kuwa maji yake mengi yameishia kwenye beseni langu. Sikusoma sana, mtanivumilia.

Alianza mwaka 1896, hospitali ikiwa bado banda la nyasi. Kisima chetu ni shimo la mchangani kule korongoni, na kiangazi huchimbwa mpaka mtekaji anabaki kuonekana kichwa tu. Alipandisha mitungi kumi kwa siku, kata ya majani kichwani. Katika miaka yote hiyo alivunja mtungi mmoja, siku aliyokutana na fisi mchana, na anasema fisi ndiye aliyeshtuka zaidi.

Magoti yake yalijulikana. Yakianza kuuma kwa nyuma, watu walitia majembe mipini, maana mvua haikuwa mbali. Mzee Nikodemo wa kanisa alizoea kumuuliza, "Leo magoti yanasemaje?" Siku moja akajibiwa, "Yanasema mzee aje abebe mtungi mmoja."

Mimi nilimwamkia shikamoo kwa miaka tisa. Mgongo umepinda, nywele nyeupe, kusimama mpaka ashike ukuta, ningemwamkiaje? Naye akaitikia marahaba, kwa upole kabisa.

Mwaka jana akaja Stara, mwanamke wa Kondoa, kung'olewa jino. Alimkumbatia Zipora pale kwenye benchi, wakacheka mpaka daktari akatoka kutazama. Kumbe walizaliwa kaya moja, juma moja, mwaka wa njaa ile watu walipochemsha ngozi. Mwaka ule mimi nilikuwa tayari nachunga ndama.

Stara alichukuliwa mchanga na shangazi yake, akalelewa Kondoa kwa mfanyabiashara, nyumba ambayo watu walikula kila jioni na maji yaliletwa mlangoni. Zipora alibaki, akafiwa na mama, akabebeshwa mtungi kabla hajang'oa meno ya utoto. Daktari alikuwa ameshaandika kitabuni: Stara miaka thelathini na tano, Zipora sitini.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nimwamkie muda wote huo. Akasema, "Dada, ilikuwa inanipumzisha kidogo."

Tangu siku ile sijatulia. Miaka ni ile ile, lakini haikuwakalia sawa, na sijui ipi ya kweli, ya kuzaliwa au ya shingoni. Daktari alimpa dawa ya kuchua, inanukia vizuri, akamwambia apumzike. Zipora akamuuliza, na maji yatatekwa na nani.

Aliyetajwa kuushika mtungi baada yake ni Loisi, binti yangu, ana miaka kumi na sita. Nilishukuru kwa mdomo, maana kazi ni kazi na nyumbani tunaihitaji. Jioni ile akisonga ugali nikamtazama shingo yake, nikashindwa kula. Nilimwambia Zipora peke yake.

Basi wazee walipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, shuka au mbuzi, akaomba punda wa kubeba maji, abaki hapa hapa hospitali. Mzee Nikodemo akasema punda anakula hata siku ambayo hafanyi kazi. Zipora akamwambia, "Hata mimi nilikuwa nakula, mzee, na hamkunifukuza." Kikao kizima kikacheka, na baada ya kucheka hapakuwa na wa kukataa.

Punda amefika Jumanne kutoka Mlali. Ni mkaidi, ameshamkanyaga mwinjilisti, lakini mgongo anao. Loisi atatembea pembeni akishika kamba. Ila safari ya kwanza ya punda leo si ya kisimani. Anampeleka Zipora kwa kaka yake kule Mkonze. Amekataa kupanda mara mbili, tutampandisha.

Zipora, wagonjwa waliokunywa maji yako hawahesabiki, na wengi hawakulijua jina lako. Tunakushukuru kwa niaba yao. Ukalale mpaka jua likukute kitandani, na wewe uletewe maji ukiwa umekaa. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, na ziwe nyepesi.

Najua, mdogo wangu, kwa haki ni wewe wa kuniamkia mimi. Usijisumbue kuinuka. Shikamoo.