Historia ya Generosa Maduhu, Aliyeifundisha Mashine Kusonga Ugali

Baba Padre, ndugu, majirani na waombolezaji wote, historia hii inasomwa na Athanas, mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye humu atatajwa kwa jina kama wengine, maana zipo sehemu asizoweza kuzisoma akijiita mimi.

Generosa Maduhu, mliyemzoea kwa jina la Mama Athanas, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Bugarama, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, alipohitimu darasa la saba, kisha akamfuata dada yake mjini Isaka, ambako aliwapikia madereva wa malori, watu wasiojua subira, na huko ndiko alikojifunza kusonga ugali wa watu ishirini bila donge hata moja.

Tarehe 21 Oktoba 1989 alifunga ndoa na marehemu Donatus, mchimbaji mdogo wa dhahabu, wakarudi kuishi Bugarama na kujaliwa watoto wanne na wajukuu saba, akiwemo Nelly, binti wa Athanas, mwenye umri wa miaka tisa, aliyelelewa na bibi yake tangu alipoachishwa ziwa. Donatus alifariki mwaka 2016 kwa ugonjwa uliosemwa ni figo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo wengi wetu tunalijua na hatulisemi. Mchimbaji hachomi dhahabu yake uwanjani, kwa kuwa macho ya watu yatajua amepata kiasi gani, bali huingia jikoni kwa mkewe au kwa mama yake, akafunga mlango, akaiweka juu ya jiko la mkaa, zebaki aliyoinasia, ambayo ni sumu, ikapanda na moshi, dhahabu ikabaki. Donatus alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yake, Athanas akarithi jiko lile lile, na kila mara Generosa alisubiri nje kidogo tu, kisha akaingia kuinjika maharage, kwa sababu watoto walikuwa na njaa na jiko lilikuwa moja.

Tarehe 2 Februari 2023 aliajiriwa na kampuni ya Mpishi Nyumbani, inayotengeneza mashine za kupika katika majiko ya kawaida, nayo ikafunga mashine yake ya mikono miwili ukutani mwa jiko lake, ili izoee moshi na ufinyu wetu. Kazi ya Generosa ilikuwa kuvaa glovu zenye nyaya na kupika kama siku zote, ugali, mlenda, michembe ya viazi vitamu, dagaa wa Chato, na kila alichofanya kwa mikono yake mashine ilikihifadhi na kukirudia. Aliipenda kazi hiyo, akaitukana mashine kama anavyotukanwa mkwe mvivu, na majirani waliokuja kuishangaa aliwaambia kwamba angalau huyu hasusi.

Mwezi Julai 2024 mwiko wa mashine ulianza kutetemeka. Luka, fundi wa kampuni, alikaza skrubu, akabadilisha mikono, akaleta mashine mpya kabisa, nayo ikatetemeka vilevile, ndipo akazipanga kumbukumbu za glovu mwezi baada ya mwezi na kuona kwamba ugonjwa haukuwa wa mashine. Generosa alisimama akaitazama ikimwaga unga pembeni mwa sufuria, kwa muda mrefu, kisha akamwambia Luka aizime, kwamba mikono ile ilikuwa yake, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, watoto wake walimwona akiogopa.

Kampuni ilitaka kuufuta mtetemeko huo, lakini yeye aliwasihi wasiufute, akazipeleka kumbukumbu zile hospitali, na madaktari wakathibitisha kwamba alikuwa na zebaki mwilini, na figo zilikuwa zimeanza kushindwa. Tangu hapo hakuihofia nafsi yake tena, bali alimhofia Nelly. Kila asubuhi alimpa Nelly kikombe kilichojaa maji hadi ukingoni, akamtaka atembee nacho kutoka mlangoni hadi jikoni, kisha akainama kutazama sakafu kama maji yamemwagika, na Nelly, kwa kumwogopea bibi yake, alijifunza kupunguza maji kwa siri kabla ya kuanza kutembea. Athanas aliona, akanyamaza, kwa sababu aliogopa kujua, na aibu hiyo ni yake hadi leo.

Tarehe 28 Mei 2025, akiwa hawezi tena kushika kijiko, Generosa aliagiza Nelly avalishwe glovu na kusonga ugali mbele ya kitanda chake. Luka alipozitazama kumbukumbu alishindwa kuinua uso, akasema kwamba mikono ya mtoto inafanana na mikono ya bibi yake ya Novemba 2023, mtetemeko ulipokuwa bado hauonekani kwa macho. Generosa hakulia, aliagiza mtoto ahamishwe nyumba siku ile ile na apelekwe hospitali, na maneno haya yasomwe kaburini kwake, kwa sababu, alisema, wanaume wote wanaochoma dhahabu majikoni watakuwepo. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 57.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wamesema kwamba Nelly amewahi na wameanza kumtibu, inawashukuru majirani waliopika msibani kwa mikono yao, pamoja na wafanyakazi wenzake wa Mpishi Nyumbani, hasa Luka, aliyesema ukweli ulipokuwa mgumu kusemwa. Athanas alichoma dhahabu jikoni kwa mama yake mara ya mwisho tarehe 3 Julai 2024, na anaomba radhi kwake na kwa Nelly mbele yenu wote.

Sasa hivi Nelly ataweka shada la kwanza. Tunawaomba msiitazame mikono yake, bali kila mmoja akifika nyumbani aitazame ya mtoto wake.

Wabeja, mayu, asante mama. Jiko lako limezimwa, mlango wake uko wazi. Pumzika kwa amani.