Siku Niliyoshindwa Kumwinua Mama

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenifikisha hapa mbele nikiwa nimesimama. Mimi ni Mama Nyokabi wa kule Kabazi. Mtanivumilia, maana haya mambo yananiliza mpaka leo.

Nilipofika miaka ya hamsini mwili ulinigeuka. Tumbo likatoka, magoti yakaanza kuuma, nikipanda kutoka shambani nasimama njiani kupumua. Akina mama wenzangu wa maombi wakasema ni roho ya uzito, nifunge. Nikafunga kavu, kila juma, bila hata maji. Siku za kula ni chai ya rangi na kipande cha kiazi. Kuku ninao, lakini mayai sikuonja. Kwetu mayai ni ya wageni na ya mchungaji akitutembelea, na mama wa nyumba akijipikia yai anaonekana mlafi.

Nilipungua kweli. Nguo zikaning'inia, nikaitwa mbele kanisani, mkanipigia makofi. Lakini tumbo lilibaki pale pale. Kilichoisha ni mikono na mapaja. Jembe likawa zito, mtungi wa maji nikawa nauburuta.

Na wakati huo mama yangu mzazi alikuwa kwangu. Alikuwa amepata kiharusi, upande mmoja ukafa. Ni mimi wa kumwosha, kumgeuza, kumtoa kitandani akaote jua. Asubuhi moja nilimshika kwapani nimwinue, mikono ikalegea. Tukaanguka wote, yeye chini, mimi juu yake. Nikajaribu tena, nikashindwa. Akaniambia, "Wacha, mwanangu. Niache tu hapa chini." Ndugu zangu, mama yangu alilala kwenye simiti akiwa amejikojolea, na mimi nimekaa kando yake nalia, mpaka jirani alipokuja.

Kaka yangu akaja kumchukua, akampeleka kwake Olenguruone. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, wewe mwenyewe unataka mtu wa kukushika." Nikabaki natazama kitanda kitupu. Nikafunga zaidi nikiomba nguvu, na nguvu zikazidi kuniisha. Nilijua Mungu amenikataa. Mlikuwa mnaniona hapa nikiimba, kumbe ndani nilishakufa. Nilimwomba anichukue, na nilimaanisha.

Nilizimia hapa hapa, katikati ya maombi, mkanipeleka hospitali Nakuru. Daktari, mama wa rika langu, alinishika mkono hapa juu akauliza nakula nini. Nikamwambia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, kilichopungua si mafuta. Ni misuli, na ndiyo inayokubeba." Akaniagiza nile mayai, maharagwe na maziwa, na nianze kuinua vitu vizito, pole pole. Nilikasirika. Nimekuja na mzigo wote huu, naambiwa nikale mayai!

Nilianza bila imani. Yai la kwanza nililila nimefunga mlango kwa aibu. Naketi kitini, nainuka bila kushika kitu, naketi tena. Nabeba mtungi nusu, nautua njiani kupumzika. Miezi ikapita sioni kitu, kilo ni zile zile, nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Halafu siku moja nikabeba mtungi uliojaa kutoka bombani mpaka jikoni bila kuutua. Niliuweka chini nikapiga magoti hapo hapo.

Nikaenda Olenguruone. Mama aliponiona nainama kumshika aliogopa, akang'ang'ania kitanda kwa ule mkono mzima. Nikamwambia, "Mama, achilia kitanda." Akaachilia. Nikamwinua mwenyewe, nikamketisha nje.

Hatatembea tena, na ile miezi aliyoishi mbali na mimi siwezi kuirudisha. Lakini amerudi nyumbani, na Mungu ndiye aliyenirudishia hii mikono. Dada yangu unayefunga huku unaisha, Mungu hatakukasirikia ukila. Mtumaini yeye, nenda upimwe, kisha upike yai ulile mlango ukiwa wazi. Kama unaogopa kwenda hospitali peke yako, njoo kwangu kesho, twende pamoja.

Sasa mniruhusu niondoke kabla ya ibada kuisha. Mama ananingoja nimtoe kitandani.