Benchi Aliloandikia Stellmach

Mwenye kubisha abishe, lakini mimi nilikuwepo. Nilikaa mwisho kabisa wa benchi, upande ule unaoyumba, na hakuna neno lililosemwa siku ile ambalo halikupita sikioni mwangu likiwa bado la moto. Benchi lenyewe liko mbele ya kibanda cha Waltraud, mjini Lankerath, mwendo wa sigara moja kutoka mto Rhine. Kibandani utapata magazeti, peremende za kuhesabiwa, bia, mkate wa nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, na kahawa ambayo Waltraud huichuja saa kumi na mbili asubuhi na kuifungia kwenye chupa mpaka wenyewe, wazee watatu wa benchi, waje. Jumanne ile wenyewe walikuja mapema, na Waltraud, badala ya kumimina kahawa, alitoa barua kwenye mfuko wa aproni yake akaisoma kwa mara ya saba, kana kwamba ya saba ingekuwa na huruma kuliko ya sita.

Halmashauri ya mji ilitaka kukiondoa kibanda ifikapo mwisho wa Septemba na kuweka vyuma vya kufungia baiskeli. Isipokuwa, barua ilisema, kama mahali hapo pana historia. Mtu wa idara ya kumbukumbu angefika saa nne kamili kutazama kama historia ipo au haipo. Waltraud alikuwa na miaka hamsini na saba, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza ndani ya kile kibanda chenye upana wa kitanda. Kila alipojaribu kufikiria mwezi wa Oktoba, aliona vyuma vya baiskeli tu. Yeye mwenyewe hakujiona popote.

— Historia ipo, dada. Wewe mimina kahawa.

Huyo ni Mfalme. Jina la kwao Heribert, lakini mwaka themanini na nane, kwenye sherehe ya wapiga shabaha, risasi yake ndiyo iliyomwangusha ndege wa mbao, akavishwa mnyororo wa fedha akawa mfalme wa Lankerath kwa mwaka mzima. Mwaka ule uliisha zamani. Yeye ndiye hajaarifiwa.

— Historia yetu ni Stellmach, aliendelea. Riwaya yake ya kwanza kaiandikia hapa, chini ya matako yangu hapa, juu ya benchi hili. Tumekubaliana, hatujakubaliana?

— Tumekubaliana jana, Mfalme. Unataka tule kiapo?

Aliyejibu ni Profesa, mkaguzi wa tiketi za treni aliyestaafu, anayesoma gazeti kuanzia nyuma.

Ruprecht Stellmach, kwa asiyemjua, ni mtoto wa fundi paa wa Lankerath. Alikuwa karani wa ghala la skrubu. Leo ana riwaya mia mbili na kumi na mbili za majoka, malango ya kuzimu na malkia wanaoishi chini ya bahari, ana jumba lenye mnara huko milimani, ana paka kumi na tatu, na ana wasomaji wanaochorwa joka lake mgongoni kwa sindano. Lankerath hajakanyaga tangu ahame. Kila mwaka wapiga shabaha humwandikia barua ya mwaliko, na kila mwaka hajibu.

— Mia mbili na kumi na mbili, alisema Profesa. Nimepiga hesabu. Ni moja kila siku sitini na tano. Hata sungura anapumzika.

— Sasa wewe unasemaje? aliuliza Mfalme.

— Nasema hana mia mbili. Anayo moja. Ile ile. Joka analigeuza mbwa mwitu, mbwa mwitu anamgeuza askofu, askofu akichoka anarudi kuwa joka.

— Acha uongo mbele za watu, alidakia wa tatu wao. Stellmach wako watatu.

Huyu wanamwita Breki, dereva wa lori la kuhamisha mizigo. Jina hilo alipewa kwa kumsuta, maana mdomo wake hauna kabisa.

— Mapacha, Breki alisema. Watatu kwa mkupuo mmoja. Siku anahama, nani alibeba vyombo vyake? Si mimi? Nilihesabu: vitanda vitatu, miswaki mitatu, na slipa jozi tatu za namba ile ile.

— Alikuwa na mke na mtoto, we mpumbavu, alisema Waltraud.

— Mke anavaa namba arobaini na sita?

Mfalme aliwasikiliza kwa huruma, kama mtu anayewatazama watoto wakicheza na tope.

— Ninyi hamjui kitu. Stellmach alikufa mwaka tisini na sita. Ule mnara wa nini? Ni kinu cha upepo. Mkewe kaunganisha kinu na mashine ya kuandika, upepo ukivuma, herufi zinapigwa. Ndiyo maana vitabu vinavyotoka baada ya dhoruba za Novemba ni vinene.

— Na paka?

— Paka wanasahihisha.

Waltraud aliweka chupa kwa kishindo.

— Sikilizeni. Akija huyo mtu, hakuna mapacha, hakuna kinu. Mtasema alikaa hapa, majira ya baridi ya mwaka themanini na moja, akaandika kwa penseli, mama akawa anampa kahawa. Mtaishia hapo. Anayeongeza chumvi, hanunui tena bia kwangu.

Waliapa wote watatu, na Breki aliapa mara mbili.

Waltraud mwenyewe alikuwa akifuta vikombe ambavyo vilikuwa vikavu. Kuna jambo alilolijua kuhusu Stellmach ambalo hao watatu hawakulijua, na miaka thelathini na minane hakuwahi kulitamka. Aliliona kama dhambi yake na marehemu mama yake, basi.

Saa nne kamili, si dakika kabla wala baada, baiskeli ilisimama. Daktari Swantje Behrens wa idara ya kumbukumbu alivua kofia ngumu, akasema neno moja la salamu. Alikuwa mtu wa kaskazini, kule ambako salamu moja inatosha kutwa nzima, na watu wa Rhine wakiwaona hao hudhani wamekasirishwa na kitu. Alifungua daftari, akasubiri.

— Aliandikia hapa, Mfalme alianza vizuri tu. Majira ya baridi. Penseli. Mama wa huyu dada akampa kahawa.

Waltraud alishusha pumzi.

— Penseli niliichonga mimi, alisema Breki.

— Breki!

— Nasema ukweli, Waltraud! Kwa kisu changu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

— Kuchonga ni kazi ya mikono tu, alisema Profesa akitazama pembeni kwa unyenyekevu. Sentensi ya kwanza ya kitabu nilimpa mimi. Alikwama. Nikamwambia, Ruprecht, anza na ukungu. Akaanza na ukungu.

— Na yule mfalme wa kuzimu mwenye mabega mapana, alisema Mfalme, akajinyoosha, mnadhani alimtoa wapi?

— Wewe ulikuwa mfalme mwaka themanini na nane, Profesa alimkumbusha. Tunaongelea themanini na moja.

— Aliona mbele. Ndicho kinachoitwa kipaji.

Kalamu ya Daktari Swantje haikugusa karatasi. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, halafu akauliza swali dogo kabisa:

— Kitabu hicho kinaitwaje?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi, na sijawahi kusikia mto kutoka pale. Siku ile niliusikia.

— Ni kile, alisema Breki. Kile cha joka.

— Vyote vina joka.

— Kile kinene, alijaribu Profesa.

— Jalada lake la buluu, alisema Mfalme. Ama kijani. Kwani wewe hukijui? Si umesoma?

— Nimesoma vyote, alisema Daktari Swantje. Nawauliza ninyi.

Waltraud alitazama nyuso zile tatu, akaona Oktoba inakuja kwa miguu yake. Akavua aproni. Sijui kwa nini aliivua, ila alipoivua sauti yake ilitoka nyingine.

— Hakuandika hapa, alisema. Wanaongopa kwa ajili yangu. Usiwalaumu.

— Waltraud, nyamaza! Mfalme alinong'ona.

— Nyamaza wewe. Siku zile, Daktari, hakuwa na vitabu. Alikuwa anaandika vijitabu vya kila wiki, vya karatasi ya gazeti, vya mwindaji wa mizimu. Waandishi wanane, jina moja la kubuni, hakuna anayejua nani ni nani. Tulikuwa tukiletewa kumi. Visivyouzika, tunachana jalada, jalada tunalirudisha kwa msambazaji awe na ushahidi, kilichobaki ni takataka. Kuchana ilikuwa kazi yangu, kila Ijumaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

— Endelea.

— Ijumaa moja ya Machi akaja kijana na koti la ghalani. Akaniuliza vile vya mwindaji wa mizimu vimeuzika vingapi. Nikamwambia viwili. Akasimama pale pale ulipo wewe, nami nikachana vinane, kimoja kimoja, huku namwambia ni upuuzi mtupu, hata wavulana hawavitaki. Akaniomba kimoja kilichochanwa. Nikamkatalia. Sheria ni sheria. Akasema asante, akaondoka. Miaka sita baadaye nikamwona kwenye televisheni.

— Na vile vinane? Vilitupwa?

Waltraud aliikunja aproni mkononi.

— Mama hakupenda kutupa kitu. Aliwagawia hawa.

Daktari Swantje akawageukia.

— Mlivisoma?

— Choo cha nyuma, Breki alisema taratibu, siku zile kilikuwa hakina karatasi.

Hapo wazee wale watatu walivua kofia zao, wakaziweka magotini, wakatazama chini.

Daktari Swantje alikohoa.

— Nilimwandikia Bwana Stellmach mwezi uliopita, alisema. Alinijibu kwa mistari miwili. Kwenye benchi hilo hajawahi kuandika chochote. Kibandani alifika mara moja tu, siku ya Ijumaa, na kwa nini, hataki kusema.

— Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo, alisema Mfalme. Ukatuacha tuongee!

— Mlikuwa mnaendelea vizuri.

Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaandika. Aliandika kurasa tatu.

Septemba vyuma vya baiskeli viliwekwa mbele ya benki. Kibandani kwa Waltraud kilikuja kibao cha shaba, kikapigwa misumari ukutani juu ya benchi: HAPA, IJUMAA MOJA YA MACHI 1981, RIWAYA YA KWANZA YA RUPRECHT STELLMACH ILICHANWA JALADA MBELE YA MACHO YAKE. Kibanda hakiguswi tena na mtu. Kila Jumamosi wanakuja vijana wenye majoka mgongoni, wananunua kahawa, wanapiga picha, wanauliza kama kuna yeyote aliyekuwepo.

— Aliyechana ni mimi, huwaambia Mfalme. Huyu dada alikuwa ananishikia tu.

— Nilimsihi asichane, husema Profesa.

Breki huwapeleka nyuma kuwaonyesha choo.

Waltraud humimina kahawa. Mara moja moja, kijana akiwa ameondoka, hupanda juu ya benchi na kitambaa akakifuta kile kibao, kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimesimulia kama nilivyoona, isipokuwa zile kofia. Kofia nimezitia mimi, niliona aibu kwa niaba yao. Hakuna aliyevua kofia. Breki alipomaliza, Profesa aliitikisa chupa sikioni, akauliza kahawa imekwisha au kuna nyingine ndani.