Jiko la Mke wa Fundi Saa

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla kazi haijachanganya, wenyewe walikusanyika hapo na birika la kahawa. Alikuwepo Fundi Cherehani, mwenye ukuta. Alikuwepo Kinyozi, aliyeweza kukunyoa nusu kichwa akasahau nusu nyingine kwa maneno. Na alikuwepo Injinia, aliyepata jina hilo kwa kumshikia mpimaji ardhi utepe siku moja tu, tena hakuimaliza. Wa nne alikuwa Fundi Saa, mtu mpole, na asubuhi hiyo alifika na uso wa mtu aliyemeza kokwa. Jikoni kwake walikuwa wamebomoa ukuta mmoja ili kulipanua jiko. Mchana fundi umeme na fundi bomba wangekuja kuchimba kuta zilizobaki, kisha plasta, kisha vigae, na litakalopangwa leo ndilo litakalobaki. Mkewe alipoulizwa anataka jiko la namna gani, alicheka tu. "Safari hii panga wewe," alisema. "Nataka nione kama unanijua." Cheko lile ndilo lililomnyima Fundi Saa usingizi.

— Sasa hapo tatizo liko wapi? — alisema Kinyozi. — Umeachiwa usukani, endesha.

— Nikiliingiza mtaroni je?

— Mimi sikati kitambaa bila kuchora, — alisema Fundi Cherehani. — Ngoja.

Akaingia dukani, akatoka na chaki yake ya kuchorea nguo. Fundi Saa akapiga magoti barazani akalichora jiko zima, kwa ukubwa wake halisi: mlango huu, dirisha lile, meko hapa. Ikabidi benchi lisogezwe, maana lilikuwa limekalia kabati la vyombo.

— Soketi ngapi? — aliuliza Injinia, mikono kiunoni.

— Mbili.

— Mbili! Bwana, unajenga jiko au kibanda cha kuku? Kila hatua moja, soketi moja. Na nyingine darini.

— Darini? Atachomekea kwa ngazi?

— Waya unashuka wenyewe kutoka juu, kama dripu ya hospitali. Blenda huku, birika la umeme kule, hakuna waya unaopita kwenye maji. Usalama kwanza.

— Yaani shemeji apike kama amelazwa! — alisema Kinyozi. — Achana na huyu. Jiko linataka kioo.

— Kioo cha nini?

— Mbele ya meko. Mimi namnyoa mtu huku namwona anayeingia, anayetoka, na anayejifanya kasahau pochi. Shemeji naye akikaanga amwone anayekuja nyuma yake kudokoa nyama.

— Anayedokoa ni mimi, — alisema Fundi Saa.

— Ndiyo maana kioo hukitaki.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika ndani ya kabati la chaki. Fundi Saa naye alicheka. Ukweli ni kwamba alikuwa anafurahi. Hofu ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa imekaa na watu.

— Mnachezea vitu vidogo, — alisema Injinia. — Meko yenyewe yawekwe magurudumu. Mke akitaka kuangalia runinga anasukuma meko yake mpaka sebuleni, maharage yanaiva huku anaangalia tamthilia.

— Na gesi?

— Mpira mrefu.

— Watu si watajikwaa?

— Mpira unapita chini kwa chini. Unachimba handaki.

— Haya, tumeshafika kwenye mahandaki, — alisema Fundi Cherehani. — Sikilizeni, milango ya makabati inapasua watu vichwa. Weka mapazia. Pazia halijawahi kumtoa mtu nundu.

— Pazia karibu na moto?

— Pazia fupi.

— Fupi kiasi gani?

— Fupi la heshima.

— Wahenga walisema... — alianza Kinyozi.

— Waache wahenga wapumzike, — alisema Injinia. — Wao walipikia nje.

Fundi Saa alinyoosha mgongo. — Jamani, fundi bomba ana swali moja tu. Sinki likae kulia au kushoto kwa meza ya kukatia?

— Kulia! — walisema wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakukuwa na ubishi.

Kinyozi hakutosheka na kusema. Alijifunga kiunoni shuka lake la kunyolea, akaingia kwa mlango wa chaki, akainamisha kichwa kana kwamba mlango una kizingiti, akaanza kukata vitunguu vya hewa kwa mkono wa kulia.

— Mnaona? Nakata, nageuka hivi, naosha, narudi. Mambo yanakwenda yenyewe.

Pembeni ya mstari wa chaki alikuwa amesimama dada mmoja mgeni. Alikuwa ameleta sketi ipunguzwe urefu, na muda wote alikuwa anangoja fundi wake amalize kujenga.

— Samahani, kaka zangu, — alisema. — Huyo mwenye jiko anashika kisu kwa mkono gani?

— Wa kulia, — alisema Fundi Saa.

— Una hakika?

— Dada, ni mke wangu. Nakula naye kila siku.

— Kula sote tunakula kwa mkono wa kulia, hata mimi. Tulifunzwa kwa makofi. Mimi nauliza kisu.

Injinia aliangalia ndani ya kikombe chake. Kinyozi alimgeukia.

— Wa kwako je?

— Usinitie kwenye mambo ya watu.

— Na wewe, Cherehani?

— Wangu... wangu anakata haraka sana.

Fundi Saa alifumba macho amtafute mkewe. Yeye, akiletewa saa, huitazama mikwaruzo yake tu akajua mwenye saa huivaa mkono upi. Lakini jikoni aliuona mgongo. Aliona fundo la kitambaa kisogoni na mabega yanayotikisika, kwa sababu meza ilitazama ukuta, na yeye siku zote alisimama mlangoni, akauliza kama chakula kiko tayari, akaondoka. Aliona aibu, aibu ya kweli, hata masikio yakamwaka.

Akainuka, kahawa akaiacha nusu.

— Unakwenda wapi? Mpigie simu umuulize!

— Nikimuuliza atakuwa ameniambia yeye. Nataka nikaone.

— Na soketi za darini? — alipaza sauti Injinia, lakini mwenzake alikwishakata kona.

Nyumbani alimkuta mkewe jikoni, turubai limening'inia pale ulipokuwa ukuta, anaandaa chakula cha mchana. Hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka ndani, akajibana ubavuni mwake.

— Chakula bado.

— Sijafuata chakula. Nimekuja kukutazama.

— Nina nini usoni?

— Endelea tu.

Mkewe akacheka, akaendelea. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Na kila kilipopanda na kushuka, kiwiko chake kiligusa ukuta wa upande huo, na mahali kilipogusa rangi ilikuwa imelika yote, limebaki doa la upana wa kiganja, limelainika. Fundi Saa akaligusa kwa kidole.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nikwambie nini?

— Kwamba ukuta unakugonga.

— Mimi ndiye naugonga, — alisema mkewe. — Tumeshazoeana.

Fundi Saa alishika meza kwa mikono miwili akaivuta upande wa turubai, kwenye nafasi mpya, na vitunguu na kila kitu, mpaka ukuta ukabaki mbali.

— Kata sasa.

Mkewe akakata. Kiwiko kikatoka nje, kikautafuta ukuta, hakikuukuta. Alisita, akakitazama kiwiko chake mwenyewe kana kwamba amekiona leo. Kisha akakata tena, polepole, akakimaliza kitunguu kile, akachukua kingine ambacho chakula wala hakikukihitaji.